Darasa la Dirishani

Tulimzika Mwalimu Festo Alhamisi iliyopita, kule juu Dundori, kwenye kanisa jipya la mawe ambalo sakafu yake ya vigae hunitia hofu ya kuteleza. Watu walikuwa wengi, na karibu wote walifundishwa naye, au na mtu aliyefundishwa naye. Kijana aliyeshika kipaza sauti akasema, "Marehemu ndiye mwalimu wa kwanza wa mahali hapa. Kabla yake hapakuwa na kitu. Alikuta banda tupu la pareto, akalifanya shule." Watu wakapiga makofi. Kando yangu alikaa Tabitha, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu na sasa ni nyanya mwenye goti bovu. Akanifinya paja kama mtoto. "Mwalimu, umesikia hayo?" Nikamwambia nimesikia. "Na unanyamaza?" Nikamuuliza, "Niseme nini mbele ya jeneza la mtu?" Akageuza uso, akaanza kupepesa macho haraka haraka. Huko nje, kwenye kiti cha plastiki chini ya ukuta, alikuwa binti yangu Roda aliyenileta kwa gari lake. Roda haingii kanisani. Hunifikisha mlangoni, hunishika mkono mpaka niketi, kisha hutoka. Nikimuuliza, jibu lake ni lile lile miaka yote: "Ndani kuna baridi, mama."

Sitaeleza nilikotoka wala wazazi wangu walikuwa nani. Yatosha kusema kwamba mimi na mume wangu Eliya tulifika Dundori kutoka magharibi wakati wa hali ya hatari, miaka ya hamsini, mashamba yalipoondolewa watu wake, na wazungu wakatafuta mikono mingine. Nyumba tuliyopewa ilikuwa na jivu la wenyewe bado mafigani, na kijiko cha mbao kimechomekwa kwenye nyasi za paa. Nililizoa jivu lile, nikapiga magoti na kuwaombea waliowasha moto ule. Kijiko nilikitumia, kwa sababu sikuwa na kingine. Mara nyingi nimefikiri kwamba mtu anayeingia kwa mlango wa aliyefukuzwa hapaswi kushangaa akifungiwa mlango naye. Lakini hayo ni mawazo ya uzeeni. Wakati ule nilikuwa mke kijana, nilijua kusoma, misheni ilikuwa imenifunza kidogo namna ya kufundisha watoto wadogo, na niliamini kwamba Mungu alikuwa amenitangulia pale kuniandalia kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye banda kuukuu la kukaushia maua ya pareto. Mzungu mwenye shamba alikuwa amejenga banda jipya, ambako Eliya alichochea moto wa kukaushia maua, na hili la zamani akawaachia watu wa kanisa. Siku za juma lilikuwa shule, Jumapili lilikuwa nyumba ya Bwana. Lilikuwa na mlango mmoja mpana na dirisha moja lisilo na kioo, ambalo kwalo, siku zisizo na ukungu, uliona chini kabisa ziwa la Nakuru na ukingo wake mwekundu wa ndege aina ya flamingo. Vumbi la maua lilibaki katika kila ufa wa mbao. Watoto walipiga chafya mpaka ikawa sehemu ya masomo, mmoja akipiga chafya, wote huitikia "Baraka!" na kucheka. Na kwa kuwa pareto ni sumu ya wadudu, lilikuwa kanisa pekee nililowahi kulijua ambalo halikuwa na kiroboto hata mmoja. Nililipenda. Niliwafundisha herufi kwa wimbo nilioutunga mwenyewe, wa kuita kila herufi kama ng'ombe anayerudi zizini, nazo herufi "zinaingia" moja moja huku wakipiga makofi. Watoto wa wachuma pareto, wenye vidole vya njano kama vya mama zao, walikuwa wakisoma majina yao ndani ya muhula mmoja.

Kisha nikapata mimba. Aliyesimamia kanisa na shule alikuwa Mzee Zakaria, mwinjilisti, mtu mrefu aliyevaa koti zito la jeshi jua na mvua. Alikuwa mtu mwema. Nataka hilo lisomwe kwanza, kabla ya mengine. Aliosha wagonjwa kwa mikono yake, hakuonja pombe, na sauti yake ya kuimba ilikuwa ikitufutia uchovu wa juma zima. Jioni moja alikuja nyumbani na wazee wawili wa kanisa, wakaketi na Eliya, nami nikawapikia chai. Ndipo nikajifunza jinsi ilivyo kuzungumziwa mbele ya macho yako huku ukimimina chai.

"Tumbo linaanza kuonekana," alisema Mzee Zakaria. "Watoto watauliza."

"Watauliza nini?" akasema mzee mmoja aliyekuwa mkamuaji wa ng'ombe wa mzungu. "Wewe Zakaria, hawa watoto wanaona ng'ombe akizaa kila siku. Juzi mtoto wangu mmoja alimshika ndama miguu."

"Ng'ombe hafundishi Neno."

"Hiyo ni kweli," akakubali mkamuaji, akanyoosha kikombe. "Ongeza hapo, mwalimu. Sukari usiogope."

Eliya aliangalia miguu yake. Mwishowe waliamua kwamba niendelee, kwa kuwa hapakuwa na mwingine, lakini nikae nyuma ya meza, na meza ifunikwe blanketi mpaka chini. Niingie kabla ya watoto kufika na nitoke baada ya wao kuondoka, nisisimame mbele yao hata mara moja. Nilishukuru. Ndivyo ilivyokuwa: niliinama, nikashukuru.

Mwanamke yeyote aliyebeba mimba anajua maana ya kuketi asubuhi nzima bila ruhusa ya kuinuka. Miguu ilivimba, kibofu kiliuma, na baridi ya Dundori ilipanda kutoka sakafuni chini ya lile blanketi la heshima. Kwa kuwa sikuweza kufika ubaoni, nilimchagua Tabitha, aliyekuwa msichana mrefu kuliko wenzake, awe mkono wangu. Mimi nilisema, yeye akaandika. Meza ile ndiyo iliyowekewa mkate na divai siku kasisi alipokuja. Mtoto wangu alifichwa nyuma ya meza ya Bwana, na hakuna aliyeona ajabu. Watoto wenyewe walijua kila kitu. Siku moja, katikati ya hesabu, kitoto kimoja kikanyoosha mkono. "Mwalimu, mama anasema uko na mtoto hapo kwa blanketi. Akitoka ataingia darasa gani?" Banda zima likacheka. Nikawaambia ataingia darasa la kwanza, akae mbele. Wakasogea kwenye benchi pale pale kumwachia nafasi.

Jirani yangu Peresi naye alikuwa na mimba, karibu sawa na yangu, ila yeye alikuwa mchuma pareto. Wachuma walifunga kikapu kiunoni, na yeye, tumbo lilipokua, alikizungusha kikapu ubavuni akaendelea kuchuma. Nyapara hakumwambia ajifiche; alimwambia aharakishe. Tukikutana mtoni alinitania bila huruma. "Mwalimu, tumbo lako wewe lina cheo, linavalishwa blanketi. Hili langu halina haya, linanitangulia shambani." Kisha akanisaidia kuinua debe la maji, naye akiwa mzito kuliko mimi. Alijifungua kwanza, mvulana. Baada ya muda mfupi nilimwona tena kati ya maua meupe, mtoto mgongoni ndani ya leso, kikapu mbele sasa. Nilimwonea huruma. Sikujua kwamba iko siku nitamwonea wivu.

Mtoto wangu alizaliwa mwanzoni mwa mvua, mikononi mwa Kukhu Nerea, mama yake Peresi, ambaye sote tulimwita nyanya kwa lugha ya kwetu. Alipomwinua akasema, "Msichana. Na ana kelele, huyu atakuwa mwalimu." Tukamwita Roda. Nililipenda jina hilo kwa yule mtumishi wa kike katika Matendo ya Mitume aliyefurahi mno kusikia sauti ya Petro hata akamwacha mlangoni amesimama. Sikuwa nimefikiri sana juu ya aliyeachwa mlangoni.

Nilipopata nguvu nilimfunga Roda mgongoni, nikashika njia ya shule. Watoto waliniona kwa mbali wakapiga kelele. Mzee Zakaria alikuwa kizingitini na koti lake. Aliinyoosha mikono miwili, si kunikumbatia.

"Karibu, Mama Roda. Mtoto anaendelea?"

"Anaendelea vizuri, mzee. Nimekuja kazini."

"Ngoja kidogo, binti yangu. Hii ni nyumba ya Bwana. Mwanamke aliyezaa haingii mpaka kasisi amsomee sala. Na mtoto wa kike siku zake ni maradufu ya mvulana, hiyo unajua. Ni sheria ya Musa."

"Lakini leo ni Jumatatu, mzee. Leo ni shule."

"Jumatatu Mungu anahama?"

Nililelewa kuheshimu neno lililosemwa kwa sauti kama ile. Pia nilitambua kwamba hakuniita mwalimu. Tangu siku ile hakuna mtu mzima wa shamba lile aliyeniita hivyo tena. Nilikuwa Mama Roda, jina tamu, na nililipokea, huku nikihisi kwamba jina lingine limevuliwa mwilini mwangu nikiwa nimesimama. Nikamuuliza kasisi atakuja lini. Kasisi alikaa mjini Nakuru na alikuwa na makanisa mengi. Alitufikia kwa pikipiki barabara ikiruhusu, na mvua zikiwa zimeanza, barabara ya Dundori ilikuwa tope la kumeza fahali. "Atakuja Mungu akipenda," alisema Mzee Zakaria.

Nilizunguka banda nikalia kidogo. Nilipoinua uso nilikuwa mbele ya dirisha, na ndani yake kulikuwa na uso wa Tabitha. "Mwalimu," akanong'ona, "tufanye nini leo?" Nikapangusa macho. Nikamwambia achukue chaki. Na hivyo ndivyo nilivyorudi kazini baada ya kuzaa: nikiwa nje, viwiko juu ya mbao za dirisha, mtoto mgongoni, nikifundisha watu walio ndani. Mzee Zakaria aliniona, akafikiri, akasema hakuna sheria inayokataza dirisha. Nadhani aliona ametenda haki, na usiku akalala vizuri. Watoto waligeuza mabenchi wakanipa nyuso. Roda akilia nilimgeuza mbele nikamnyonyesha nikiwa nimeligeuzia dirisha mgongo, nikiendelea kusema herufi kwa sauti, nao wakiitikia nyuma yangu. Mvua ilipokuja nilijifunika gunia kichwani. Maji ya paa yalidondoka kwenye ukingo wa dirisha, nusu ndani kwa watoto, nusu kwenye mgongo wangu, na mgongo wenyewe ulikuwa na mtu.

Kukhu Nerea aliniona akanifokea. "Wewe msichana, huyu ni mtoto ama ni mwavuli? Mwache kwangu!" Nilimwachia siku kadhaa, lakini alikuwa pia na mjukuu wake na macho yake yalikuwa yanafifia, na maziwa yangu hayakuweza kukaa mbali. Nilimwomba Eliya aseme na Mzee Zakaria. Alikwenda. Aliporudi alivua viatu polepole. "Amesema tuvumilie. Kasisi yuko karibu." Nikavumilia. Nimefundishwa uvumilivu tangu utotoni na sijutii mafundisho hayo, ila nimejifunza kuuliza ni nani anayelipia uvumilivu wangu. Mwaka ule alilipa Roda.

Ilianza kama mafua. Kisha kifua kikaanza kulia kama mlango usiotiwa mafuta, na asubuhi moja, pale pale dirishani, nikasikia pumzi yake inakatika na kurudi, inakatika na kurudi. Niliacha neno katikati. Tabitha alibaki ameinua chaki. Nilikimbia mpaka barabarani, dereva wa lori la viazi akatuchukua, tukashuka Nakuru nikiwa nimekaa juu ya magunia, mtoto ndani ya sweta la Eliya, midomo yake rangi ya majivu. Hospitali ilitulaza. Nilikuwa nikilala chini ya kitanda chake, juu ya leso, nikisikiliza. Sikuomba kwa maneno mazuri. Nilisema tu, "Huyu usimchukue. Huyu usimchukue," na Mungu, ambaye ningeweza kumwandikia kitabu kizima cha malalamiko, hakumchukua. Muuguzi alisema kifua hakitakuwa kifua kizima tena, lakini mtoto ataishi.

Tuliporudi Dundori mvua zilikuwa zimekwisha. Nilipita shuleni kabla ya kufika nyumbani, kwa kuwa niliwakosa watoto wale. Mbele ya ubao alisimama kijana mwembamba ambaye sikumjua. Huyo ndiye Festo, mpwa wake Mzee Zakaria, aliyekuwa ametoka tu kumaliza masomo Njoro. "Anashikilia tu, Mama Roda," Mzee Zakaria akaniambia kizingitini. "Watoto hawawezi kukaa bure. Kasisi akija, atakusomea sala, kila kitu kitarudi mahali pake." Festo mwenyewe aliniamkia kwa adabu na kuniuliza hali ya mtoto. Hakuwa na kosa. Nilimwambia wimbo wa herufi unakwendaje, ili watoto wasipotee. Tuliuimba pamoja mara mbili, yeye ndani, mimi nje.

Kasisi alikuja mwishowe, pikipiki ikinguruma tangu bonde la chini, na watu wote wakavaa vizuri. Nilipiga magoti mlangoni, Roda mikononi, naye akafungua kitabu cha sala akasoma. Nilikuwa nimeisubiri sala ile kama mfungwa. Ilikwisha kabla magoti hayajapata baridi. Akaniinua, akambariki mtoto, nikavuka kizingiti. Baadaye wanawake tulipakua chakula nyumbani kwa Mzee Zakaria. Nilikuwa jikoni na Peresi, tukikata ugali, na kati yetu na meza ya wageni palikuwa na ukuta wa udongo tu.

"Yule mwanamke wa leo, mbona amekonda hivi?" tulisikia kasisi akiuliza.

"Alikuwa nje akingojea sala, Kasisi. Nilimzuia asiingie mpaka uje, kama sheria inavyosema."

Kikafuata kicheko kizuri, cha mtu aliyeshiba. "Ah, Zakaria! Ile ni sala ya asante tu. Mama amejifungua salama, tunamshukuru Mungu pamoja naye. Nani alikuambia mwanamke azuiwe nje? Hayo ya Musa sisi tuliyaacha zamani."

"Kumbe?"

"Kumbe!"

Kisu kilisimama mkononi mwa Peresi. Mimi nilisubiri. Nilijua kwamba neno linalofuata litakuwa langu, kwamba kasisi atasema, basi mrudishieni darasa lake leo. Mzee Zakaria akasema kwa sauti ya chini, "Sasa kijana amekwisha kushika kazi. Nikisema nilikosea, watu watasema nini?" Na kasisi akajibu, "Basi usiwachanganye watu. Acha ilivyo. Huyu kuku ametiwa nini, ni mtamu sana. Kimebaki kipaja?"

Peresi aliniangalia. Akachukua kipaja kilichobaki sufuriani, akanitia mkononi. "Kula," alisema. "Kula hapa hapa, mbele yangu." Nilikula nikiwa nimesimama, machozi yakiingia kwenye mchuzi, huku yeye akipaza sauti kuelekea ukutani, "Vipaja vimekwisha, Kasisi! Kuna shingo!"

Juma lililofuata nilikwenda kwa Mzee Zakaria peke yangu. Nilimwambia nimesikia yaliyosemwa mezani. Hakukana, alikuwa mkweli kiasi hicho. Alikunja koti lake magotini, akasema, "Labda Mungu ameona una kazi nyingine sasa. Mtoto mgonjwa anamtaka mama." Nikamwambia mtoto aliugulia dirishani. Akainamisha kichwa. Nilidhani atasema neno. Alisema, "Tuombe," tukaomba, na katika sala yake ndefu alimtaja kila mtu wa shamba lile, hata mzungu na mbwa wake, lakini darasa hakulitaja.

Nikaenda kuchuma pareto. Peresi alinifunza kufunga kikapu, na nyapara hakuniuliza nimezaa lini wala nimesomewa nini. Roda alikuwa mgongoni, akikohoa katika vumbi la maua. Mistari yetu ilipita karibu na banda, na upepo ukivuma kutoka upande ule niliwasikia watoto wakiimba herufi zinazorudi zizini, moja moja, na makofi yake. Sikumchukia Festo kwa hilo. Wimbo ule nilikuwa nimempa mwenyewe. Lakini nilichuma kwa nguvu, na vidole vyangu vikawa vya njano, na sikurudi kufundisha shule tena maishani mwangu. Nilifundisha watoto wa Jumapili miaka mingi baadaye, nikaitwa mama wa kanisa, nikapewa kiti cha mbele. Watu husema nimebarikiwa, nami nakubali. Nimemsamehe Mzee Zakaria, aliyekufa zamani, na nimemsamehe tena kila nilipogundua kwamba bado. Kasisi yule amenishinda zaidi. Yeye alijua.

Alhamisi, jeneza lilipokaribia kutolewa, kijana wa kipaza sauti alisema kwamba sala ya mwisho itasemwa na mama yetu mzee kuliko wote. Tabitha akaninyanyua. Alipokuwa akininyanyua akasema, si kwa kunong'ona, "Huyu ndiye mwalimu wa kwanza. Mimi ndiye nilikuwa mkono wake." Walio karibu wakageuka. Kijana akatabasamu jinsi watu wanavyowatabasamia wazee, akatazama saa, akasema, "Amina, mama, amina. Muda umetubana." Nikashika kipaza sauti. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya Festo, kwa jina lake na kwa watoto wote aliowafundisha, na nilisema kweli. Kisha nikanyamaza ili nitafute neno la mwisho, na kanisa likanyamaza nami. Katika kimya kile tukasikia kikohozi, nje, chini ya dirisha. Kile kile, cha mlango usiotiwa mafuta, sasa katika kifua cha mwanamke mwenye mvi. Watu walidhani nimesahau maneno. Tabitha pekee alijua, akaniegemea bega. Nilingoja mpaka Roda apumue, kama nilivyongoja chini ya kile kitanda Nakuru. Alipopumua, nikasema amina.